HESABU YA HEWA IANZIE ZIZINI

Miongoni mwa vitabu vinavyotakiwa kuwamo katika ofisi ya kijiji, yamo madaftari yanayoonyesha idadi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wa wanakijiji. Katika Mkoa wa Singida, tangu Itigi na Manyoni upande wa kusini hadi Iramba na Mkalama upande wa kaskazini, daftari la namna hiyo kwa muda mrefu limehesabiwa kuwa jambo dogo. Hufunguliwa pale wilaya inapodai taarifa, hujazwa kwa haraka, kisha hufungwa mpaka robo mwaka ijayo. Mara nyingine tarakimu za mwaka uliopita hunakiliwa zilivyo, zikaongezewa kidogo ili zionekane zimekua, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha.

Watumishi wa umma na walimu hawana budi kuelewa kwamba zama za kulichukulia daftari hilo kwa wepesi zimepita. Tarakimu zinazoandikwa humo husafiri kutoka kijijini kwenda katani, wilayani, mkoani na wizarani, na mwisho wa safari yao huingia katika hesabu ambayo Tanzania huipeleka mbele ya mataifa. Hesabu hiyo ni ya gesijoto, yaani zile gesi ambazo zikizidi angani hulizuia joto lisitoke na hivyo kuipandisha joto dunia nzima. Kubwa kati yake ni kabonidioksaidi, itokayo katika mafuta, makaa na miti inayochomwa. Methani, itokayo katika matumbo ya wanyama wanaocheua, katika majaruba ya mpunga na katika majalala. Na oksidi ya naitrasi, itokayo zaidi katika mbolea na samadi.

Wajibu wa kuzihesabu gesi hizo haukuletwa na mtu kwa siri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi ulipitishwa mwaka 1992, na Tanzania iliuridhia mwaka 1996. Taarifa ya kwanza ya Taifa chini ya mkataba huo iliwasilishwa mwaka 2003, na ya pili ikafuata baada ya zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2018 Tanzania iliridhia Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015, ambayo yameweka utaratibu wa nchi kutoa taarifa kila baada ya miaka miwili, huku nchi zenye maendeleo duni zikipewa nafuu ya muda. Aidha, mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba ifikapo mwaka 2030 nchi itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35, ikilinganishwa na kiasi ambacho kingetoka iwapo mambo yangeachwa yaende yalivyo. Upungufu huo ulikadiriwa kuwa tani milioni 138 hadi 153 za kabonidioksaidi au gesi nyingine zenye nguvu sawa na hiyo.

Ahadi ya namna hiyo haiwezi kupimwa kwa maneno. Mtu aliyeahidi kupunguza deni lake kwa theluthi moja lazima kwanza ajue anadaiwa kiasi gani, na kila mwezi aangalie deni limefika wapi. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na hewa nayo, ingawa haishikiki, leo imekuwa na daftari lake.

Njia ya kuhesabu si ya ajabu. Hakuna nchi inayofunga chombo cha kupimia kwenye kila bomba la gari na kila pua ya ng'ombe. Wataalamu huchukua idadi ya kitu kinachotoa gesi, wakaizidisha kwa kigezo kinachoonyesha kila kimoja hutoa kiasi gani kwa mwaka. Lita moja ya dizeli, kwa mfano, ikiungua hutoa kabonidioksaidi yenye uzito wa takriban kilo 2.7. Kwa kuwa mafuta yote ya magari yatumikayo nchini huingizwa kutoka nje kupitia bandarini, na kila shehena hupimwa na kutozwa ushuru, hesabu ya malori yanayopita Singida kwenda Mwanza na Rwanda inaweza kufanywa na karani aliyekaa Dar es Salaam, naye asikosee kwa kiasi kikubwa.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya Tanzania na nchi za viwanda. Ujerumani au Japani, sehemu kubwa ya gesi zao hutoka katika mafuta, makaa ya mawe na gesi asilia, vitu vyenye mita, ankara na stakabadhi. Tanzania sehemu kubwa hutoka ardhini na zizini: katika misitu inayofyekwa, mashamba yanayochomwa, mkaa unaotengenezwa porini na mifugo inayochungwa. Kwa maneno mengine, hesabu ya nchi ni nyepesi pale palipo na gesi kidogo, na ni ngumu pale palipo na gesi nyingi. Na pale palipo pagumu, mwenye kalamu si karani wa Dar es Salaam. Ni Ofisa Mtendaji wa Kijiji, Ofisa Mifugo wa Kata na mlinzi wa msitu.

Chukuliwe mfano wa kijiji chenye ng'ombe 4,000. Kwa kigezo kilichowekwa mwaka 2006 na Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi kwa ajili ya ng'ombe wasio wa maziwa katika Afrika, kila mmoja huhesabiwa kuwa anatoa kilo 31 za methani kwa mwaka. Kijiji hicho basi kitaandikiwa tani 124 za methani. Kwa kuwa methani ina nguvu ya kuongeza joto mara 28 kuliko kabonidioksaidi katika kipindi cha miaka 100, tani hizo 124 ni sawa na tani 3,472 za kabonidioksaidi. Sasa, ofisa mvivu asiyetoka ofisini akinakili tarakimu za zamani na kuandika ng'ombe 3,000, hesabu itashuka hadi tani 2,604. Mwaka unaofuata akija ofisa mwenye bidii, akazunguka katika vitongoji na kuandika ng'ombe 4,000 waliopo kweli, taarifa itaonyesha kwamba gesi za kijiji zimepanda kwa theluthi moja katika mwaka mmoja. Hakuna ndama aliyezaliwa. Kilichobadilika ni kalamu. Na lawama, kwa bahati mbaya, itamwangukia yule aliyesema kweli.

Jambo la pili linalotatanisha ni kwamba hata vipimo vyenyewe hubadilika kadiri elimu inavyokua. Katika taarifa za zamani methani ilihesabiwa kuwa na nguvu mara 21 kuliko kabonidioksaidi. Baadaye ikawa mara 25. Na sasa, kwa utaratibu wa Makubaliano ya Paris, ni mara 28. Ng'ombe yule yule, mwenye kilo zake zile zile 31 za methani, kwa kipimo cha kwanza alikuwa sawa na kilo 651 za kabonidioksaidi, kwa cha pili kilo 775, na kwa cha tatu kilo 868. Anayelinganisha taarifa ya mwaka 2003 na taarifa ya leo bila kulijua hilo ataapa kwamba mifugo ya Tanzania imekuwa michafu zaidi. Ndiyo maana kanuni inataka kila kipimo kinapobadilishwa, miaka yote ya nyuma ihesabiwe upya kwa kipimo hicho kipya. Lakini miaka ya nyuma itahesabiwaje upya ikiwa madaftari yake yameliwa na mchwa, au yaliuzwa kufungia karanga sokoni? Anayetunza kumbukumbu za mwaka huu anamwandalia kazi mtaalamu wa miaka ishirini ijayo.

Ugumu wa tatu unaugusa Mkoa wa Singida kwa namna ya pekee. Kigezo cha kilo 31 ni cha bara zima. Hakitofautishi ng'ombe aliyekonda kwa kiangazi katika nyika za Ikungi na ng'ombe aliyenona. Singida ni mkoa wa alizeti. Mitambo ya kukamua mafuta imo mjini na katika miji midogo, na mashudu yake ni chakula kizuri cha mifugo. Mfugaji anayewalisha ng'ombe wake mashudu, akauza dume mapema badala ya kulichunga miaka mingi likicheua bila kuongezeka uzito, anapunguza methani kwa kila kilo ya nyama anayoipeleka sokoni. Lakini mradi kigezo ni kimoja kwa wote, juhudi yake haionekani popote. Katika daftari la Taifa, yeye na jirani yake asiyefanya chochote ni sawasawa.

Dawa ya ugumu huo inajulikana, nayo haiko mbali. Katika eneo la Nyando, magharibi mwa Kenya, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo yenye makao yake Nairobi waliwafuata ng'ombe wa wakulima wadogo msimu hata msimu, wakawapima uzito, maziwa na malisho, ili kupata kigezo kinachotokana na ng'ombe wa Afrika Mashariki wenyewe. Kenya ikaenda mbele na kuandaa hesabu yake ya ng'ombe wa maziwa kwa njia hiyo ya kina, ikianzia mwaka 1995. Hesabu ya namna hiyo haitosheki na idadi tu. Inataka kujua madume ni wangapi, mitamba wangapi, ndama wangapi, wana uzito gani na wanakula nini. Maswali hayo yote majibu yake yako zizini, na anayeweza kuyaandika ni ofisa aliye karibu na zizi.

Kuhusu misitu, hali ni hiyo hiyo. Kati ya mwaka 2009 na 2014 nchi ilifanya tathmini kubwa ya rasilimali za misitu, ambayo watumishi wengi waliifahamu kwa jina la NAFORMA. Wataalamu walikwenda hadi kwenye maeneo ya sampuli nchi nzima, wakapima miti kwa mikono yao. Ilibainika kwamba misitu ya Tanzania Bara ina eneo la hekta milioni 48.1. Kazi hiyo ilikadiria kwamba msitu unaopotea ni hekta 372,000 hivi kwa mwaka. Lakini hesabu iliyofanywa baadaye kwa ajili ya kuweka kiwango cha kulinganishia, ikitumia kipindi na njia nyingine, ilitoa hekta 469,000 hivi. Tofauti hiyo ya karibu hekta 100,000 haimaanishi kwamba kuna aliyedanganya. Inaonyesha kwamba picha za setilaiti pekee hazitoshi, na kwamba jicho la aliyeko chini linahitajika ili kulisahihisha jicho la angani.

Mfano mzuri ni vichaka vya Itigi. Vichaka hivyo ni vinene, vimesongamana, na kwa kawaida urefu wake ni kati ya mita tatu na tano. Ni uoto wa aina ya pekee, usiopatikana sehemu nyingi duniani. Sehemu kubwa yake imekwisha fyekwa kwa kilimo na kuni. Wakati wa kiangazi huangusha majani, na kwa mtazamaji wa picha iliyopigwa kutoka juu, kichaka kisicho na majani na shamba lililoachwa huweza kufanana. Mwanakijiji wa Itigi hawezi kuyakosea hayo mawili hata usiku. Ujuzi huo ni mali ya Taifa, lakini mpaka sasa hautumiki ipasavyo katika hesabu.

Wala haisemwi hapa kwamba wananchi wa Singida ni wageni wa kazi hiyo. Katikati ya miaka ya 1990, msitu wa Mgori, katika Wilaya ya Singida, ulikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza nchini kuwekwa chini ya ulinzi wa vijiji vinavyouzunguka. Wanakijiji wenyewe waligawana sehemu, wakaweka sheria ndogo na walinzi. Watu walioweza kuulinda msitu hawashindwi kuuhesabu, mradi wafundishwe na wapewe vifaa.

Mkaa ni sura nyingine. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa huweza kula kilo tano hadi kumi za miti. Gunia likikatwa kibali, linahesabika. Likipitishwa usiku kwa pikipiki, halihesabiki. Kwa hiyo takwimu za mkaa zitokazo kwenye vibali pekee ni takwimu za watu waaminifu, nazo haziwezi kuonyesha ukubwa wa tatizo. Aidha, gunia lililochomwa Manyoni likaenda kupikia Dodoma huleta swali la nani aliandikiwe. Kanuni inasema upotevu wa kaboni uandikwe pale mti ulipokatwa. Singida basi ndiyo yenye kubeba mzigo katika daftari, ingawa chungu kinachemka mkoa mwingine. Hilo pekee lingetosha kuufanya mkoa uwe na hamu ya kuijua hesabu yake.

Wapo watakaouliza kwa nini nchi maskini ijisumbue. Dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 50 za gesijoto kila mwaka, na sehemu ya Tanzania haifiki hata asilimia moja. Waliolichafua anga ni wengine, tena walianza zaidi ya karne moja iliyopita, na haki inadai kwamba wao ndio watangulie kupunguza na kulipa. Hoja hiyo ni ya kweli, na haipaswi kuachwa. Lakini anayekwenda barazani kudai fidia huku hana hata karatasi moja mkononi, hurudi mikono mitupu. Nchi isiyo na takwimu zake hutumia takwimu zilizotengenezwa na wengine, wakaao mbali, nao ndio watakaoiambia nchi hiyo ng'ombe wake ni wangapi na msitu wake umebaki kiasi gani. Kujihesabu mwenyewe ni sehemu ya kujitawala.

Tena ipo fedha. Kanuni za biashara ya kaboni zilitungwa nchini mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimepewa kazi ya usajili na ufuatiliaji. Katika Bonde la Yaeda, mkoani Manyara, jirani kabisa na Mkalama, Wahadzabe wamekuwa wakipata fedha kwa kuulinda msitu wao tangu miaka ya 2010. Vijiji vya Singida navyo vitafuatwa na wafanyabiashara wa kaboni. Kijiji kisichojua msitu wake ulikuwaje miaka kumi iliyopita, wala unapungua kwa kasi gani, kitasaini kile kilichoandikwa na mgeni. Mwenye shamba asiyejua mipaka yake hana la kubishana na mnunuzi.

Lakini ni lazima kukiri kwamba kuhesabiwa kuna historia yake. Tangu enzi za ukoloni, mfugaji aliyehesabiwa ng'ombe alijua kwamba kinachofuata ni kodi au amri ya kupunguza mifugo. Akaficha nusu ya kundi kwa ndugu, na hakuna wa kumlaumu. Ofisa naye ana sababu zake: kata ni kubwa, pikipiki haina mafuta, na mkubwa wake anataka tarakimu kesho asubuhi. Kati ya mfugaji anayeficha na ofisa anayebuni, ukweli hupotea njiani. Hali hiyo haitaondolewa kwa karipio. Itaondolewa pale mfugaji atakapoona kwamba hesabu inamrudia kwa manufaa, kama chanjo, josho na kisima, na pale ofisa atakapopewa mafuta ya kuzungukia na kulindwa anapoleta tarakimu zisizopendeza.

Misingi ya kuanzia ipo. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ilipitishwa mwaka 2010, na mwaka 2025 ikazinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ng'ombe akishikwa ili achanjwe na kuvishwa hereni, ni dakika moja tu zaidi kuandika jinsia yake na umri wake. Halmashauri zote za mkoa zinafaa kuchagua mwezi mmoja wa mwaka, ule ule kila mwaka, ili hesabu ya kiangazi isilinganishwe na ya masika. Fomu iwe moja. Nakala ibaki kijijini, na matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu wanaowajua ng'ombe wa kila mtu. Hakuna mkaguzi mkali kuliko mkutano wa namna hiyo. Tarakimu zikikosewa, zisahihishwe kwa wino mwingine na sababu iandikwe, bila kufuta za awali.

Walimu nao wana nafasi ambayo haiwezi kujazwa na mtu mwingine. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kupikia kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na shule nyingi zimo katika kundi hilo. Shule iliyoacha kuni ilipunguza kiasi gani? Haiwezi kujua kama haikupima kuni zake za zamani. Na ile ambayo bado inazitumia inaweza kuanza leo, kwa mizani ya stoo na daftari la jikoni. Darasa la hisabati linaweza kupima mzingo wa miti ya shule kwa utepe, mita 1.3 kutoka ardhini kama wapimavyo wataalamu, na kurudia kila mwaka katika miti ile ile. Baada ya miaka sita mtoto aliyeanza kupima angali darasa la kwanza ataona kwa macho yake jinsi mti unavyoweka kaboni.

Mwaka 1958 mwanasayansi wa Marekani, Charles David Keeling, alianza kupima kabonidioksaidi juu ya mlima wa Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Kipimo chake cha mwanzo kilionyesha sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni moja za hewa. Zaidi ya mara moja alikaribia kunyimwa fedha, kwa sababu wakubwa waliiona kuwa kazi ya kurudia rudia jambo lile lile. Leo kipimo hicho kimevuka 420, na dunia nzima inaijua hatari hiyo kwa sababu kulikuwa na watu waliokubali kuandika tarakimu moja kila siku kwa miaka mingi bila kuchoka.

Kazi inayodaiwa kwa watumishi wa Singida ni ya aina hiyo hiyo. Haina sherehe, wala haikati utepe. Ofisa anayetembea kutoka kitongoji hadi kitongoji, akamhesabu ng'ombe aliyepo na kumwacha asiyekuwapo, anaipa nchi ushahidi ambao hakuna mjumbe wa mkutano wowote wa kimataifa anayeweza kuubuni. Viongozi wa mkoa na wilaya wampe nyenzo, wasome anachokiandika, na wasimwadhibu kwa kuandika kweli.